Bima ndogo ni yako wewe uliyegongwa: namna ya kudai fidia ya ajali ukiwa Kigoma au Tabora

Mdogo wangu aligongwa jioni njia ya Manyovu, mbele kidogo ya Mwandiga, akiwa anasukuma baiskeli pembeni kabisa. Paja likavunjika. Siku ya tatu, akiwa wodini mguu umening'inizwa kwa mawe, mwenye gari alifika na wazee wawili, mfuko wa mchele, sukari kilo tano na laki nne taslimu. Baba, ambaye hajawahi kumrudisha mgeni mlangoni, alipokea na kuweka dole gumba kwenye karatasi. Miezi minne baadaye mfupa ulikuwa haujaunga, tukapewa rufaa ya Mwanza, na nauli na malazi peke yake vikaimaliza ile laki nne kabla hatujafika chumba cha upasuaji.

Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile ya kwanza.

Kwanza tuondoe dhana moja. Mitaani husemwa kwamba gari lenye bima kubwa ndilo linalolipa na lenye bima ndogo halina kitu. Kwa mwenye gari kuna ukweli, maana bima ndogo haimtengenezei gari lake. Kwako uliyeumizwa mambo yako kinyume. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima hiyo ndogo kwa sababu moja tu: wewe. Ile 118,000 anayolipa mwenye gari dogo binafsi kila mwaka imelipwa ili ukiumia au ukifa kwa kosa la dereva wake, kuna mahali pa kukulipa. Kwa hiyo akikwambia "sina hela ndugu yangu, mimi mwenyewe naungaunga," huenda anasema kweli. Lakini mwenye wajibu wa kulipa, zaidi ya yeye, ni kampuni iliyochukua ile hela yake.

Pale barabarani na wodini

Uhai kwanza. Piga 112 au mtume mtu kituo cha karibu. Kama wewe ndiye umelala chini, kazi hii ni ya ndugu au ya msamaria yeyote mwenye simu: piga picha namba za gari kabla halijasogezwa, alama za breki, mahali ulipoangukia, na namba za simu za watu wawili watatu walioona. Wale wauza mahindi na vijana wa bodaboda kijiweni leo watakusimulia kila kitu. Baada ya miezi sita hutawapata, na ukiwapata hawatakumbuka gari lilitokea upande gani.

Tazama na rangi ya kibao. Cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara. Probox nyingi zinazopakia watu vijijini kwetu zina kibao cha njano, na kampuni ya bima inaweza kushikilia hapo hapo: bima ilikatwa ya gari binafsi, lakini gari lilikuwa linabeba abiria wa kulipa. Ukiwa abiria wa gari la namna hiyo, usidai kampuni peke yake. Mwenye gari naye abaki kwenye madai mpaka mwisho. Na kama ulipanda basi au Hiace yenye leseni, tunza tiketi kama pasipoti. Abiria aliyelipa nauli analindwa na bima ya lazima, ila aliyepewa lifti ya bure ana mlima wa kupanda.

Kisha PF3. Hii ni fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha aliyoyakuta. Dharura hutibiwa kwanza, lakini fomu ifuate siku hiyo hiyo au kesho yake, na ndugu anaweza kwenda kuichukua kituoni. Kuna mambo mawili watu huyakosea. Moja ni kutosoma daktari alichoandika. Kama umeumia goti na bega, na fomu inasema goti tu, lile bega halitalipwa kirahisi. La pili ni kuirudisha polisi bila kubaki na nakala. Toa nakala tatu. Stesheneri za Mwanga hapa Kigoma au za pale stendi ya Tabora hazitakufilisi.

Hapa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kwetu, mfupa ukivunjika, wazee wengi humkimbilia mganga wa mifupa. Siwadharau, nimeona mikono iliyonyooka chini ya mianzi yao. Ila mganga hatoi risiti wala haandiki ripoti, na ukitoroka wodini kumfuata, kampuni itadai kwamba ulemavu uliobaki umeusababisha mwenyewe kwa kukatisha matibabu. Kama ni lazima uende, malizana kwanza na hospitali na upewe karatasi ya kuruhusiwa.

Wazee watakapokuja na bahasha

Watakuja. Na wala si ubaya: kwa desturi zetu, aliyemuumiza mwenzake akijifungia ndani anaonekana mnyama. Pokea mchele, pokea na hela kama matibabu yanaihitaji. Kinachoua madai ni karatasi, hasa ile yenye maneno "tumeyamaliza", "sina madai tena", "nimesamehe". Mfupa uliovunjika hausemi ukweli wake ndani ya wiki moja, na daktari mwenyewe hawezi kukwambia kama utachechemea. Utasamehe vipi deni ambalo hujalijua?

Andikeni karatasi yenu. Isome hivi: "Nimepokea shilingi 400,000 kutoka kwa fulani, mwenye gari namba fulani, zikiwa msaada wa matibabu ya awali kufuatia ajali ya tarehe fulani. Madai ya fidia yanaendelea." Wote wasaini na kila upande ubaki na yake. Sisi tuliokolewa na bahati tu. Kijana aliyeandika karatasi aliyowekewa dole na baba alikuwa ameandika, bila kuelekezwa na mtu, maneno "kwa ajili ya matibabu". Wakili wa upande wa pili aliitoa karatasi ile kama turufu, na maneno hayo manne ndiyo yaliyompunguza kasi.

Watu wengine wa kuwaangalia wodini ni vishoka. Huja wamevaa vizuri, wanajua namba ya kitanda chako, wanaahidi mamilioni, na wanataka uwasainie uwakilishi papo hapo. Wakili wa kweli ana namba ya uwakili, na jina lake linaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili.

Karatasi za polisi

Ajali inafunguliwa jalada kwa askari wa usalama barabarani. Pata namba yake ya kumbukumbu, na jina na simu ya mpelelezi. Usisubiri wakupigie. Kampuni za bima hapa nchini huomba karatasi zilezile, basi ziombe kwa majina yake: PF 115 (taarifa ya awali ya ajali), PF 93 (ukaguzi wa gari), PF 90 (taarifa ya mwisho ya upelelezi inayoonyesha nani alikosea), na ramani ya tukio. Ombi likiandikwa barua na nakala yako ikapigwa muhuri, hujibiwa mapema kuliko kusimama mapokezi kila Jumatatu na kuambiwa afande ametoka.

Isome ile ramani ukiipata. Kama imechorwa kwamba uligongewa katikati ya lami wakati ulikuwa pembeni, sema sasa, kwa maandishi, kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya au wa mkoa. Kwa mabasi ya abiria kuna kitu cha ziada: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huyafuatilia kwa mtambo unaorekodi mwendo. Mwendo wa basi haupaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Mwombe mpelelezi aandikie LATRA apate rekodi ya dakika ile. Konda anaweza kuapa kwamba walikuwa mwendo wa taratibu, mtambo hauapi.

Dereva akishtakiwa, fuatilia kesi hiyo hata kama hujaitwa. Faini atakayolipa inaingia serikalini, wewe hupati hata senti, isipokuwa mahakama itoe amri ya fidia, jambo linalowezekana. Mwambie mwendesha mashtaka aiombe. Lakini thamani kubwa ya kesi ile iko kwingine. Hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, yaani rufaa haipo au imekwisha, Sheria ya Ushahidi inaihesabu kuwa uthibitisho kamili. Dereva aliyetiwa hatiani hawezi kuja kwenye kesi yako ya madai akasema hakuwa mzembe. Upanga huo unakata pande zote: akiachiwa huru kwa sababu mashahidi hawakutokea, nawe utaumia. Ndiyo maana nasema wapelekeni mashahidi, hata kwa kuwalipia nauli kutoka Kasulu au Urambo. Omba nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu iliyogongwa muhuri.

Bima ipo wapi, na gari ni la nani

Stika za karatasi kiooni ziliondolewa tangu 2021, siku hizi bima ni ya kielektroniki. Ingia tiramis.tira.go.tz, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), weka namba ya gari, nawe utaona kampuni iliyokata bima na tarehe za kuanza na kuisha. Fanya hivyo wiki ya kwanza na uhifadhi picha ya ukurasa. Kinachotazamwa ni kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, basi. Ikiisha wiki iliyofuata haikuhusu.

Mwenye gari ni kazi ngumu zaidi. Gari huuzwa mara tatu bila kadi kubadilishwa jina. Bodaboda nazo nyingi ziko kwenye mkataba: kijana anapeleka hesabu kila siku, kadi iko kwa tajiri. Tajiri atasema "mimi nilishamuuzia", kijana atasema "mimi ni deiwaka tu", yaani wa kushikia siku. Usiwaamulie. Wadai wote: dereva, aliyeandikwa kwenye kadi, na anayeonekana kuwa mmiliki halisi. Sheria inambebesha tajiri kosa la dereva wake lililotokea akiwa kazini kwake, na mahakama ndiyo itakayochambua nani ni nani. Jina la kadi polisi wanalo kwenye jalada.

Kama gari halikuwa na bima, ni kosa la jinai kwa mwenye gari, na fidia itatoka mfukoni mwake. Basi chunguza mapema ana nini: nyumba, shamba, gari lingine.

Kuipiga hesabu fidia

Madai ya kuumia yana vikapu viwili, na vinathibitishwa kwa namna tofauti.

Kikapu cha kwanza ni hasara mahsusi: ulichotumia na ulichokosa, chenye namba. Dawa, upasuaji, chuma cha mfupa, magongo, nauli za kliniki, malazi ya anayekuuguza, baiskeli iliyopondwa, mshahara au mauzo uliyokosa. Mahakama zetu ni kali hapa: kila kitu kitajwe na kila kitu kithibitishwe. Bila risiti hakuna shilingi. Nunueni daftari la kaunta, bandikeni risiti kwa tarehe, na nauli ya bajaji isiyo na risiti iandikwe siku hiyo hiyo na dereva asaini. Mvuvi wa Ujiji au mkulima wa tumbaku wa Urambo hana hati ya mshahara, lakini ana stakabadhi za chama cha msingi, daftari la mialo, miamala ya simu, barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoeleza kazi yake. Kusanya ya miezi kumi na miwili kabla ya ajali.

Kikapu cha pili ni fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, maisha yaliyobadilika. Hakina risiti, hakimu anapima mwenyewe. Anachopimia ni ripoti ya daktari, tena ripoti kamili, tofauti na PF3, inayotaja jeraha, matibabu, yatakayohitajika mbele, na ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Iombe baada ya hali kutulia, kwa daktari wa mifupa wa hospitali ya rufaa, iwe Maweni, Kitete, Nkinga au uliyopelekewa. Ripoti iliyoandikwa mapema inakupunja. Mdogo wangu alikuwa fundi baiskeli wa kuchuchumaa kutwa, goti sasa halikunji. Hilo lilihitaji kuandikwa kwa maneno hayo hayo, kwa sababu asilimia tupu haimwonyeshi hakimu mtu aliyepoteza kazi yake.

Ukweli mwingine ni kwamba kama nawe ulichangia ajali, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lako. Hukosi yote. Usidanganye kwamba ulivuka kwenye kivuko kama hukuvuka hapo.

Barua na mazungumzo

Andika barua ya madai kwa dereva, mwenye gari na kampuni ya bima, siku moja. Eleza ajali, jeraha, hesabu ya vikapu vyote viwili, ambatisha nakala, wape muda wa kujibu, kwa mfano siku 30. Karatasi asilia usimpe mtu. Kampuni ina tawi au wakala mjini. Hakikisha barua imepokelewa kwa muhuri.

Watakujibu kwa moja ya njia tatu: watanyamaza, watakataa, au watatoa kiasi kidogo pamoja na karatasi ya kusaini kwamba hayo ndiyo malipo ya mwisho. Hiyo ya tatu ndiyo ya kufikiria sana. Usisaini ofisini kwao. Ichukue nyumbani, ulinganishe na daftari lako, mwonyeshe wakili hata kwa ushauri wa mara moja. Malipo madogo ya leo wakati mwingine ni bora kuliko makubwa ya miaka mitatu ijayo, hasa kama jeraha limepona vizuri na hesabu ya risiti imefikiwa. Ila liwe chaguo lako, lisiwe la njaa ya siku ile.

Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayesikiliza wanaogombana na kampuni. Anza na kampuni kwa maandishi kwanza, maana ataomba kuona ulivyojibiwa.

Halafu kalenda. Kesi ya kudai fidia ya uzembe ina ukomo wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Mazungumzo hayasimamishi saa hiyo, wala kesi ya jinai ya dereva haiisimamishi. Nimeona watu wakisubiri "kesi ya trafiki iishe" mpaka mwaka wa nne. Mimi ningeweka alama kwenye mwezi wa 24: kama hujalipwa kufikia hapo, jalada liwe mikononi mwa wakili.

Njia nyingine, kulingana na aliyekugonga na ulikuwa wapi

Ulikuwa kazini? Dereva, utingo, mwalimu aliyetumwa na ofisi: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika bila kujali nani alikosea. Mwajiri atoe taarifa mara moja. Dai lako wewe lisivuke miezi 12.

Kibao kinaanza na STK, SM au kingine cha umma: notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi iende Mahakama Kuu. Hapo usijaribu bila wakili.

Lori la Burundi au Kongo, na Kigoma tunayaona kila siku: dereva anapaswa kuwa na kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka. Hakikisha polisi wameandika namba ya kadi na wamebaki na nakala kabla gari halijaachiwa, kwa sababu likishapita mpaka wa Manyovu limekwenda. Madai hupelekwa kwa ofisi ya mpango huo hapa nchini.

Amefariki: warithi wafungue mirathi, apatikane msimamizi, na cheti cha kifo cha RITA kiwepo. Mke, mume, watoto na wazazi waliomtegemea wana haki ya kudai. Ugomvi wa nani awe msimamizi umeshakula miaka mitatu ya familia nyingi.

Mahakamani

Madai haya kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, yasipozidi shilingi milioni 200. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, na Tabora na Kigoma zote zinayo. Kinachopima kiwango ni kikapu cha kwanza, kile cha risiti. Kuandika fidia ya jumla ya milioni 500 hakukupeleki Mahakama Kuu; hupoteza muda na kurudishwa chini. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, basi huna sababu ya kukaa bubu kwenye kesi yako mwenyewe.

Kampuni ya bima ipewe notisi ya maandishi kabla ya kesi kufunguliwa, kwa sababu wajibu wake wa kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake unategemea kuwa ilijulishwa. Ni hatua ya karatasi moja, na imewaangusha watu wenye hukumu nzuri mkononi.

Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawalinda wasio na uwezo. Uliza kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya wapi watoa msaada waliosajiliwa walipo. Ukimlipa wakili, makubaliano yaandikwe: kiasi gani, kwa hatua ipi, na gharama za kusafiri ni za nani.

Kabla ya kusikilizwa, mtapelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama. Nenda na daftari lako na kiwango cha chini ulichokwisha kubaliana na familia nyumbani. Kesi yetu iliishia hapo, mwaka wa tatu ukiwa umebaki na wiki chache. Wakili alitaka hela ipite kwake. Tuliomba hundi iandikwe jina la mdogo wangu, yeye akamlipa wakili kutoka benki, risiti ya mwisho ikaenda kwenye daftari.